Mahindi Manne ya Kando ya Reli

Mama Kioko alizikwa mwezi uliopita, na nikaenda. Kaburi lilipokwisha kufunikwa, wanawake waliinua vifuniko vya sufuria kubwa na mvuke wa mahindi mabichi yaliyochemshwa na maharagwe mapya ukanipiga usoni. Mwanawe mkubwa alikuwa ameshika maikrofoni akisimulia jinsi mama yake alivyowalisha kwa jembe, hapo Makadara, kwenye kipande cha ardhi kando ya reli. Watu wakaitikia, "Kweli kabisa." Na ni kweli. Mimi mwenyewe nilikula kwa jembe lile. Lakini sahani yangu ilipofika sikuweza kumeza, kwa sababu mikono hiyo hiyo iliyotulisha niliiona siku moja ikimvisha mtu tairi shingoni, na mtu huyo alifikishwa pale na mdomo wangu.

Nilikuwa na miaka tisa. Wenzangu mliokulia mitaa ile mnajua mvua ndefu zilivyotufanya. Palipokuwa na udongo usio na simiti, palilimwa. Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na ukuta, ukutani kulikuwa na tundu la kupitia, na ng'ambo ya tundu hilo, mpaka kwenye kokoto za reli, wanawake wa mtaa walikuwa wamejigawia mashamba kwa mawe na vipande vya matambara. Sehemu ya mama yangu ilianzia kwenye mlingoti wa simu ikaishia kwenye mtaro. Hakuna aliyekuwa na karatasi. Shamba lilikuwa lako maadamu ulikuwa na nguvu za kulipigania, na Mama alikuwa nazo. Mwaka mmoja alipigana na mwanamke mwingine kwa ajili ya mpaka wa upana wa jembe, akarudi na alama za meno begani, akapika ugali kama kawaida. Sisi watoto tulitoana damu puani kwa ajili ya mabua matamu ya kutafuna. Tuliwapiga ndege mawe, tukawachimbua fuko na kuwaponda. Nikikanyaga maharagwe, Mama alinichapa kwa mpini. Nilikua nikiamini kwamba chakula hakitoki ardhini kwa wema.

Lakini kilikuwa kitamu. Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi walitoka ukutani jioni, tukawakusanya kwenye beseni, tukawanyofoa mabawa, Mama akawakaanga kwa chumvi tu. Kisha mboga za managu na terere zikaota zenyewe bila kupandwa na mtu, na Mama akazichemsha na kuzilaza kwenye maziwa mpaka uchungu ukalegea. Kisha mrenda, unaoteleza kooni kabla hujaamua kuumeza. Kisha maharagwe mabichi ya kwenye maganda. Mwisho, baridi ya Julai ilipokuwa imetukausha midomo, mahindi. Mama alifungua ganda kidogo na kudunga punje kwa ukucha. Maziwa yakimrukia usoni, alicheka. Mimi ndimi niliyepewa hindi la kwanza kila mwaka, kwa sababu jina langu ni Nekesa, na kwetu huyo ni mtoto aliyezaliwa wakati wa mavuno.

Mwaka ule kuna mtu aliyetutangulia kuyavuna. Alianza kwa Mama Kioko. Mama Kioko alikuwa jirani yetu, mlango wake ukitazama wetu, mjane mnene mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani, na shamba lake lilipakana na la Mama. Asubuhi moja alikuta mabua matatu yamenyongwa, mahindi hayapo. Kesho yake matano. Kisha ikawa zamu yetu. Mama alikaa kwenye kizingiti akinoa panga juu ya jiwe, na kila aliyepita alimsikia.

"Nikimpata, namkata ule mkono alioutumia," alisema. "Naapa mbele ya Mungu."

"Mkono?" Mama Kioko alijibu kutoka kwake. "Mimi huyo nampeleka na roho yake yote."

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa Baba Rehema. Binti yake Rehema alikuwa rafiki yangu. Tulikalia dawati moja shuleni. Baba Rehema alikuwa soja wa getini katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, mtu mrefu, mkimya, mwenye kabuti la kaki lenye vifungo vya shaba. Watoto wote tulimwogopa kidogo kwa sababu ya kabuti lile. Tusichojua ni kwamba kiwanda kilikuwa kimewaachisha watu wengi kazi, yeye akiwa mmojawao, na kwamba alivaa kabuti kila alfajiri na kuondoka nyumbani ili majirani wasijue. Watu wazima walianza kunong'ona, lakini sisi hatukuambiwa.

Mimi nilipita tundu la ukuta kila asubuhi nikienda shule, na mara tatu nne nilimwona ndani ya mahindi. Mara ya kwanza umande ulikuwa umelowesha kabuti mpaka magotini. Alikuwa ameinama, akanyanyuka, akaniona. Aliweka kidole mdomoni. Kisha akavunja bua lisilo na hindi, akalimenya kwa meno na kunipa. Lilikuwa tamu kuliko miwa. Nikaenda zangu nikitafuna, na njiani nikaupata ukweli wote: akina mama wamemwajiri Baba Rehema awe soja wa mahindi. Kabuti analo. Kulinda ndiyo kazi yake. Na kidole mdomoni ni ili mwizi asishtuke. Sikumwambia mtu. Hata Rehema sikumwambia, nikidhani anajua na ananificha.

Jumamosi moja foleni ya maji ya bomba pale mferejini ilikuwa ndefu. Mitungi ilipangwa mpaka kwenye kona, na akina mama walisimama wamejifunika leso kwa baridi. Mama Kioko alikuwa katikati yao, macho mekundu. Alfajiri ile alikuwa ameamkia mabua mengine yamevunjwa.

"Tunalima, tunapalilia, halafu tunalishia wezi," alisema. "Kwa nini hatuna hata mtu wa kulinda?"

Nilikuwa nimesimama kando ya Mama, nimeshika mtungi wetu. Nilimwonea huruma kwa kutojua.

"Lakini si tuko na Baba Rehema?" nikasema.

Akageuka. "Baba Rehema anafanya nini?"

"Analinda. Kila asubuhi ako huko na kabuti lake. Hata leo nimemwona nikienda kununua maziwa." Nikaona hawanielewi, nikaongeza, "Huwa ananiambia ninyamaze, ndio mwizi asisikie."

Mtungi uliokuwa chini ya mfereji ulijaa, maji yakafurika, yakatiririka kati ya miguu yetu, na hakuna aliyefunga. Mama alinitazama. Nilidhani wamefurahi.

Mama Kioko alipiga ukemi. Neno lilikuwa moja tu, "Mwizi!" na mnajua neno hilo lilivyofanya kazi mitaani kwetu. Milango ilifunguka. Watu walitoka na walichokuwa nacho mkononi: pasi, mwiko, ufagio. Kutoka steji ya matatu wakaja makanga wakikimbia, na kutoka gereji iliyo pembeni wakaja mafundi na nondo zao. Tulifika ukutani wakati Baba Rehema anatokeza kwenye tundu, ameinamisha kichwa, gunia begani. Hakukimbia. Alisimama akashangaa tu, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Aliyemfikia wa kwanza ni mama yangu. Alikuwa amepitia mlangoni kwetu akachukua jembe, sijui kwa nini si panga. Aliligeuza, akapiga kwa mpini. Baba Rehema aliinua mkono kujikinga, na nikausikia mfupa. Ulilia kama bua likivunjwa. Kisha wote wakamwangukia, na sikumwona tena. Niliona migongo, viwiko, nondo ikipanda na kushuka. Niliona kifungo kimoja cha shaba kikibingirika kwenye vumbi. Nilikuwa nikipiga kelele, "Mama, huyo ni soja! Ni soja wetu!" lakini pale kila mtu alikuwa akipiga kelele.

"Mwizi hana huruma, asihurumiwe!" mtu alisema.

"Leteni tairi! Tumalizane na yeye!"

Tairi lilitoka gereji. Mama Kioko ndiye aliyelipokea. Alilishika kwa mikono miwili, mikono iliyonifunga vidonda mara nyingi, akalipitisha kichwani pa Baba Rehema kwa uangalifu, kama mtu anayemvisha mtoto sweta. Kijana mmoja wa steji alikuwa na kopo la petroli. Harufu yake ilipanda, na watu wakarudi nyuma hatua moja, ndipo nikamwona. Taya lake lilikuwa limekaa upande. Jicho moja halikuwepo, nyama tu. Alikuwa amepiga magoti, na mkono wake ulining'inia kama kitu cha mtu mwingine.

Na nyuma ya watu nikamsikia Rehema akiuliza, "Kuna nini? Wamemshika nani?"

Baba Rehema pia alimsikia. Hakuomba msamaha. Hakusema hakuiba. Alitafuta kwa lile jicho moja mpaka akamwona mtu anayemjua, na mtu huyo alikuwa mama yangu, bado ameshika jembe.

"Mama Nekesa," alisema, na maneno yalitoka na damu. "Peleka mtoto nyumbani. Asione."

Mama aliangusha jembe.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na bado sijui nini kilimpitia. Nilichoona ni kwamba alienda kwenye gunia lililokuwa limetupwa kando, akalipindua. Zikamwagika managu. Mafungu kwa mafungu ya managu na terere, yamefungwa kwa nyasi, mboga zinazoota zenyewe. Watu wakaguna. Lakini Mama Kioko aliinama, akapapasa chini kabisa, akatoa kitu kilichofungwa katika gazeti. Mahindi mabichi, manne. Akayainua juu.

"Na haya? Haya pia ni magugu?"

"Ni yangu," Mama akasema. "Nilimpa."

Kelele zikapungua kidogo.

"Ulimpa lini?" Mama Kioko akamsogelea. "Si wewe umekuwa ukiapa kumkata mkono? Na sasa hivi si ni wewe umempiga wa kwanza?"

"Nilimpiga kwa sababu mimi ni mjinga. Lakini mahindi nilimpa. Na hayo managu nilimwambia achume, ananisaidia kupalilia."

"Unadanganya!"

"Nimesema nilimpa."

"Mama, toka hapo," yule kijana wa kopo alisema. "Tunapoteza wakati."

Mama alipiga hatua mbili, akajitupa chini, akamlalia Baba Rehema pamoja na lile tairi, mwili mzima, kama anavyolala mtu juu ya gunia lake soko likivamiwa. Petroli ilimmwagikia kwenye leso na mguuni. Jiwe likatoka sijui wapi, likampasua juu ya nyusi.

"Washa!" alimpigia kelele kijana. "Washa basi! Lakini utaanza na mimi, na yule mtoto wangu amesimama pale ameshaiona sura yako."

Watu wote wakanitazama. Kijana naye akanitazama. Mikono yangu ilikuwa bado imekumbatia ule mtungi mtupu, na nilijikojolea pale pale, nikiwa nimesimama. Aliyemaliza mambo ni mzee mwenye gereji. Alijipenyeza katikati ya watu akinung'unika, akamshika Mama mkono, akamsogeza taratibu, akalivua tairi shingoni mwa Baba Rehema.

"Hii tairi bado iko na kazi," alisema, akalibingirisha akaenda nalo.

Basi. Mtu akacheka, mwingine akatema mate, na umati ule uliokuwa kitu kimoja ukawa tena watu, kila mmoja akitafuta alikoweka ndara zake. Vijana wawili wa mkokoteni walimpakia Baba Rehema na kumsukuma hospitali, Mama akitembea kando ameshika kile kichwa kisiyumbe. Mama Kioko alichukua yale mahindi manne akaenda nayo kwake.

Mama alirudi saa kumi jioni. Damu ilikuwa imemkaukia usoni. Mimi nilikuwa nimejikunja chini ya meza nikingoja mpini, kwa sababu mama yangu alinichapa kwa kikombe kilichovunjika, kwa sare iliyochanika, kwa kujibu na kwa kutojibu. Hakunichapa. Alinivuta, akaniogesha kwa maji moto, akanivalisha.

"Mama," nikamwuliza, "kweli ulimpa?"

"Nilimpa."

"Lini?"

Alikamua kitambaa kwenye beseni. "Pale pale," akasema.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Mama Kioko na wanawake wengine wanne walipita tundu la ukuta na mapanga. Walianzia kwenye mlingoti wa simu. "Kama una ya kugawia wezi, basi huhitaji kuvuna," Mama Kioko alisema, na kwa kila neno bua lilianguka. Baba yangu, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku kiwandani, alitaka kwenda kupigana. Mama alimzuia. Alikaa kwenye kokoto za reli, mikono magotini, akatazama shamba lake lote likilazwa mpaka mtaroni. Hawakuiba hata hindi moja. Walikata tu, wakaondoka wakihema.

Kisha Mama akasimama, akafungua leso, na sisi watatu tukaanza kuokota. Mahindi yalikuwa na wiki moja au mbili kabla ya kukomaa, laini, punje bado nyeupe. Hayangekaa. Tulijaza magunia mawili na beseni. Jioni ile tulichoma mengi mpaka majirani wakafunga madirisha kwa moshi, na kesho yake tukachemsha, na kesho yake tena. Naona aibu kuandika hivi, lakini sijawahi kula mahindi matamu kama yale. Maziwa yalitiririka kidevuni. Nilikula nikilia, nikaendelea kula.

Siku ya nne Baba Rehema alirudishwa nyumbani, hospitali ikiwa imejaa. Taya lake lilifungwa kwa nyaya na mkono ulikuwa kwenye plasta mpaka begani. Hakuweza kutafuna wala kushika kijiko. Siku hiyo Mama alitoboa mkebe wa mafuta kwa msumari mpaka ukawa mkali pande zote, akakuna juu yake mahindi mabichi mpaka vidole vyake vikachubuka, akakamua ule uji katika kitambaa, akauchemsha kwa chumvi kidogo. Akaumimina kwenye kikombe na kunikabidhi pamoja na kijiko.

"Peleka," akasema.

"Mama, mimi siwezi."

"Peleka, Nekesa. Na usirudi kabla hajamaliza."

Mama Rehema alifungua mlango. Alikuwa amejifunga leso tayari kwenda kutafuta kibarua cha kufua nguo kwa watu. Mtaa mzima ulijua ni nani aliyesema nini pale mferejini, na yeye alijua. Alinitazama, akautazama uji.

"Mlishe basi," akasema, akatoka.

Rehema alikuwa kitandani ameelekea ukutani. Hakugeuka. Nilikaa kwenye kibago karibu na baba yake. Kati ya meno yaliyofungwa na shavu kulikuwa na nafasi ndogo, na hapo ndipo nilipopitisha uji, kijiko baada ya kijiko, na mwingi ukamwagikia shingoni palipokuwa na mikwaruzo ya tairi. Nilipanguza. Alinitazama kwa lile jicho moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilirudi nyumbani nikatapika. Kesho yake Mama akakuna tena. Na kesho kutwa. Siku zote hizo nilimlisha mtu yule kwa ukimya, binti yake akinipa mgongo, na kila siku niliandaa maneno ya kuomba msamaha, na kila siku nikayameza nikimlisha.

Siku ya saba au ya nane, magunia yakiwa yanaelekea kwisha, nilimpa kijiko cha kwanza. Alikimeza, akafumba jicho, koo lake likafanya kazi. Kisha akaongea kupitia zile nyaya, sauti kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

"Mwambie mama yako chumvi imezidi."

Rehema aligeuka kutoka ukutani. Tulitazamana. Mimi sikungoja hata kumaliza kikombe. Nilikimbia, nikapita milango miwili, nikaingia kwetu nikihema. Mama alikuwa amekaa chini, mkebe magotini, anakuna.

"Amemaliza?" akauliza.

"Ameongea."

Mkono wake ukasimama. "Amesema nini?"

"Amesema chumvi imezidi."

Mama aliweka mkebe chini. Alichukua ncha ya leso, akajifunika uso wote, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani anacheka. Nikafurahi, nikacheka naye kwa sauti kubwa, nikamshika magoti, nikacheka mpaka alipoishusha leso.